Kulala na Waya

Mwinjuma alijaliwa mikono na mdomo. Kwa mikono, hakuna aliyemfikia katika darasa lao la mwaka wa tano wa udaktari wa meno. Jino lililowatoa wenzake jasho, yeye alilishika, akalitikisa taratibu kama anayebembeleza mtoto, na likaja. Kwa mdomo pia hakuna aliyemfikia, ila huko hakuna aliyetamani. Alizaliwa Mbagala, kwenye nyumba yenye baraza ambako watu hukatizana maneno tangu asubuhi, na baba yake alipofariki, yeye akiwa kidato cha tatu, akawa ndiye msemaji wa nyumba. Aliizoea kazi hiyo mpaka akaipenda. Alikuuliza habari za nyumbani, na kabla hujafungua kinywa ameshakujibia: nzuri, watoto wazima, shida ndogondogo tu. Msema pweke hakosi, na Mwinjuma hakuwa amekosa kwa miaka mingi.

Mwalimu wao wa upasuaji wa kinywa na taya alikuwa Dokta Demetria, mama mfupi wa Kihaya aliyeishi Goba huko vilimani na ambaye, foleni itake isitake, alifika hospitali kabla ya wafagizi. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ukitaka kumsikia lazima unyamaze, na wanafunzi waliamini anafanya makusudi.

Alikuwa na desturi yake moja ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko mtihani. Taya likivunjika huwezi kulitia plasta ngumu kama mguu. Unayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya mwembamba, yaumane, yatulie hivyo kwa wiki kadhaa mpaka mfupa ushike. Muda wote huo mgonjwa anakunywa kwa mrija na kuongea kwa kuguna kupitia meno. Dokta Demetria alisema hakuna mkono utakaomfunga mtu hivyo kabla mwenye mkono huo hajafungwa yeye. Basi siku moja kabla ya upasuaji, mwanafunzi aliyechaguliwa alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, wenzake wakamfunga meno, akaenda kwao hivyo hivyo, akanywa uji, akalala, akarudi asubuhi kufunguliwa. Wenyewe waliita kulala na waya.

Shingoni alivalishwa kamba ya bandeji yenye plaizi ndogo ya kukatia waya. Mgonjwa aliyefungwa akitapika, matapishi hayana pa kutokea, na mtu anaweza kufa mbele ya ndugu zake. Kwa hiyo sheria ilikuwa fupi: ukisikia kichefuchefu, kata, wala hutaulizwa. Ukikata kwa sababu nyingine yoyote, utasimama ukutani na kutazama. Hakuna aliyelazimishwa kulala na waya. Hakuna pia aliyewahi kukataa.

Alhamisi hiyo zamu ilimfikia Mwinjuma, na mgonjwa alikuwa Nikodemu, mwalimu wa hisabati wa sekondari moja ya Temeke. Bodaboda iliyombeba iliteleza kwenye changarawe, na taya lake la chini likavunjika karibu na kidevu, na tena kule nyuma chini ya sikio. Uso ulikuwa umevimba hata mke wake alipita kitanda chake mara ya kwanza bila kumtambua. Nikodemu aliongea neno moja kwa pumzi moja.

Mwinjuma alichukua umbo la meno ya mgonjwa, akalimwagia plasta, akapata mfano wake wa juu na wa chini. Akaukata pale palipovunjika, akaupanga upya kwa subira, na alipomaliza meno ya plasta yaliumana kama ya kwenye kitabu, ya juu yakitangulia mbele kidogo. Ilikuwa kazi nzuri. Akaipeleka wodini imekaa kiganjani, na uso wake unang'aa.

"Shikamoo, mwalimu. Meno yako yalikuwa yanaumana hivi, sivyo? Eee, hivi hivi. Kesho tunayarudisha."

Nikodemu aliinua mkono. "Mm... ya... chini..."

"Ya chini ndiyo yaliyovunjika, najua, usijichoshe. Ila hapa juu naona yamelika kwa mbele. Miwa hiyo! Wewe mtu wa miwa, mwalimu, usinifiche."

Nikodemu akatikisa kichwa, akainua mkono tena, kama mwanafunzi anayejua jibu na mwalimu hamtazami. Mwinjuma aliushika ule mkono kwa upendo kabisa, akaushusha juu ya shuka. "Pumzika, mwalimu wangu. Nitakushughulikia mie mwenyewe."

Dokta Demetria alikuwa amesimama kitanda cha pili na faili la mtu mwingine. Alimtazama Mwinjuma, akatazama ule mkono juu ya shuka, akarudi kwenye faili.

Ijumaa ya kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kundi lao katika chumba cha upasuaji. Baada ya hapo walihamia idara nyingine, kisha mitihani, kisha kila mtu na wilaya atakayopangiwa, mahali ambapo taya likivunjika hakuna wa kumuuliza. Anayeshika mkono wa kwanza siku hiyo, yaani anayefanya upasuaji mwenyewe mwalimu akiwa pembeni, ataondoka akiwa amefanya. Wengine wataondoka wakiwa wameona. Mwinjuma aliitaka nafasi ile tangu mwaka wa tatu, na hakuona haya kusema kwamba anaistahili.

Alasiri aliyemfunga meno alikuwa Loveness, mwenzake wa darasani, msichana wa Moshi mwenye mkono mzito na roho nyepesi. Alipokaza waya wa mwisho, Mwinjuma alijaribu kusema asante, ikatoka sauti ya mtu aliye chini ya godoro. Darasa zima lilicheka kwa raha ambayo haikuwa ya siku moja.

"Jamani, hata mie leo nitasikia ninachofikiria," alisema Loveness.

Dokta Demetria alikagua kila fundo kwa kioo kidogo, akamvalisha plaizi shingoni. "Lala salama," akamwambia, akaenda zake.

Mwinjuma hajatoka hata getini, simu ikalia ujumbe. Ulitoka kwa mama yake, Bi Zubeda: wale wageni wa posa wameomba waje leo baada ya magharibi badala ya Jumapili, maana mzee wao anasafiri kesho kutwa. Wahi.

Posa ilikuwa ya Tunu, mdogo wake, tena wa pekee. Tunu alikuwa anasoma uuguzi, na aliyetuma wazee wa posa ni Talha, fundi wa friji na viyoyozi, kijana wa Mikocheni. Kijana hana baya. Ila Tunu alikuwa amesema anataka kumaliza chuo kwanza ndipo aingie ndani, na sharti kama hilo husemwa siku ya posa, kabla fatiha haijasomwa. Likija baada ya fatiha, huko ni kugeuka, na watu wa kwao hawapendi kuitwa vigeugeu. Tena kwao sharti halisemwi na binti. Binti hukaa ndani na kina mama, na akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Msemaji ni mwanamume wa nyumba.

Tunu mwenyewe ndiye aliyemtuma. "Kaka, nisemee," alimwambia mwanzoni mwa mwezi. Na Jumapili iliyopita alimfuata tena, Mwinjuma akiwa anapiga pasi koti lake jeupe.

"Kaka, ile ishu ya Talha..."

"Ishu ya Talha niachie mie. Nishaipanga kichwani, wataelewa tu."

"Sio hivyo, nilikuwa nataka..."

"Tunu. Kaka yako nani? Si mie? Basi tulia."

Tunu akatulia. Na sasa msemaji wa nyumba alikuwa amesimama getini meno yake yameshonwa.

Angeweza kurudi ndani akafunguliwa. Alifikiria hivyo, tena alipiga hatua mbili tatu kurudi. Lakini kurudi ni kusimama ukutani kesho, na Mwinjuma hakuwa mtu wa kukosa njia. Alikumbuka simu. Njia nzima mpaka Mbagala aliandika, akafuta, akaandika tena, na alipofika nyumbani alikuwa na hotuba safi yenye salamu, shukrani, sharti na dua ya kufungia. Alijipongeza.

Bi Zubeda alipomwona aliangusha mwiko. "Yarabi! Mwanangu, umepigwa na nani?"

Mwinjuma akamwandikia: masomo, mama, kesho nafunguliwa.

"Masomo gani ya kumshona mtu mdomo kama gunia?" Lakini wali ulikuwa jikoni na wageni njiani. Akampa kikombe cha uji na mrija, akarudi kwenye sufuria zake. Tunu alipita na sinia ya vikombe, akasimama, akamtazama ule mdomo. Uso wake, ajabu, ulilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mwinjuma aliona ni huruma. Akampiga bega, yaani usijali, nimejipanga.

Baba Mkubwa, aliyekuja kusimamia shughuli, alikuwa mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Mwinjuma alimkabidhi simu, ile hotuba iko wazi. Baba Mkubwa aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani kwake.

"Simu saa hizi? Watu wako mlangoni." Akaitumbukiza kwenye mfuko wa kanzu, akaenda kupokea wageni.

Walikuja wazee watatu, na mkubwa wao alikuwa Mzee Shomari, baba mdogo wa Talha, aliyemlea tangu utoto. Walikaa mkekani, wakamiminiwa kahawa, halwa ikawekwa katikati. Wakaulizana habari mpaka habari zikaisha. Ndipo Mzee Shomari akasafisha koo na kusema maneno ya posa, mazuri, ya kiungwana, na akamgeukia Mwinjuma.

"Na huyu ndiye kaka mtu?"

"Ndiye. Daktari huyu," alisema Baba Mkubwa. "Leo wamemfunga mdomo huko kwao, mambo ya kitaalamu."

"Daktari, wasemaje wewe?"

Mwinjuma alisema. Alisema kwa nguvu zake zote kupitia meno, na kilichotoka ni mvumo.

"Anasema karibuni sana, mmefika kwenu," alisema Baba Mkubwa.

Mwinjuma alitikisa kichwa.

"Ana maumivu kidogo."

Akaguna tena, akaonyesha mfuko wa kanzu, akaandika hewani kwa kidole.

"Anataka kusema nyumba hii haina neno. Nyumba moja tu sasa."

Wazee waliitikia vizuri. Mwinjuma aliinua mkono, na Baba Mkubwa, bila ubaya wowote, aliushika mkono ule akaushusha juu ya goti. Mkono ule aliujua. Asubuhi ile ile yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wake, na aliyelala kitandani alikuwa na neno. Neno gani? Alijaribu kukumbuka, akaona hakuwa amelisikia.

Hakupata muda wa kuona haya sawasawa. Mzee Shomari alikuwa anasema, "Basi tuinue mikono," na mikono ikaanza kuinuka. Fatiha ikishapita, chuo cha Tunu ndiyo basi. Mwinjuma alitazama ile mikono, akauona ukuta wa chumba cha upasuaji na yeye ameuegemea. Akashika plaizi shingoni kwake.

Kukata waya kwenye mdomo wako mwenyewe bila kioo ni kazi mbaya. Plaizi ilibana ufizi, akakata, ikabana ufizi, akakata. Damu ilimtoka pembeni mwa mdomo ikachuruzika hadi kidevuni. Mzee mmoja alisema "Astaghfirullah" akasogea nyuma na kikombe chake. Mwinjuma alitema vipande vya waya kwenye kiganja, na mdomo, uliokuwa umebanwa tangu alasiri, ukafunguka na kila kilichokuwemo. Ile hotuba safi yenye salamu na dua ilibaki kwenye mfuko wa kanzu.

"Tunu haolewi mpaka amalize chuo! Hiyo ndiyo kauli ya nyumba hii. Anayeweza kungoja angoje, na asiyeweza, njia ni ile ile aliyojia!"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hata yeye mwenyewe aliisikia ilivyotoka. Ndani kwa kina mama vikombe vikaacha kugongana.

Mzee Shomari alishusha mikono polepole. "Tumesikia," akasema. "Tulikuja kwa heri, tumeonyeshwa njia. Si vibaya." Wakavaa viatu. Halwa haikuguswa.

Baba Mkubwa aliitoa simu mfukoni, akaiweka mkekani badala ya kumpa mkononi. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana ikauma zaidi.

Hata hivyo, Mwinjuma aliingia ndani akitegemea shukrani. Alikuwa ametoa sadaka, jamani. Nafasi yake ya kesho ilikuwa kiganjani mwake, vipande vya waya vyenye damu. Alimkuta Tunu amesimama mlangoni mwa chumba chake, macho mekundu.

"Nani alikutuma useme vile?"

"Si wewe!"

"Jumapili nilikuja kukwambia nini?"

Mwinjuma alitafuta Jumapili yote, akaikuta pasi, akalikuta koti, akaikuta sauti yake mwenyewe.

"Hujui," alisema Tunu. "Utajuaje?" Akafunga mlango, taratibu, na Mwinjuma alitamani angeubamiza.

Asubuhi Loveness alimkuta kwenye korido ya hospitali amevimba midomo, plaizi bado shingoni. Aliposimuliwa alishika kichwa. Kisha akatazama huku na huku, akapunguza sauti.

"Sema ulitapika. Nani atajua?"

Na Loveness, ambaye alilala na waya wiki mbili nyuma na upasuaji wake ukaahirishwa, ndiye aliyefuata kwa zamu. Kama Mwinjuma anasimama ukutani, mkono wa kwanza ni wake. Mwinjuma alimtazama akaona aibu nyingine juu ya ile aliyolala nayo, maana miaka mitano amesoma na mtu huyu na hakuwahi kumfikiria kuwa mkarimu. Hakuwahi kumfikiria kabisa, kusema kweli.

Dokta Demetria alikuwa anaosha mikono.

"Nilikata, Dokta."

"Ulisikia kichefuchefu?"

"Hapana. Nilitaka kusema."

Maji yaliendelea kutiririka. "Ulichosema kilikuwa na faida?"

"Hapana, Dokta."

"Utasimama ukutani," alisema, bila ukali, kama anayemwambia mtu saa. Mwinjuma alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo usiku kucha, na bado lilimchoma.

"Sawa. Ila, Dokta, Mwalimu Nikodemu asilazwe usingizi kwanza. Jana alitaka kunieleza kitu. Mara mbili. Sikumsubiri."

Kwa mara ya kwanza Dokta Demetria aligeuka akamtazama vizuri. "Meno yake nimeyaona. Mimi nisingemwacha afungwe vile," alisema. "Ila nilikuwa nataka nijue kama utarudi kumuuliza. Nenda. Ana muda kidogo kabla hawajamwingiza."

Nikodemu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la upasuaji limefungwa mgongoni. Mwinjuma alivuta stuli akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mgonjwa.

"Shikamoo, mwalimu. Niambie lile la jana."

Nikodemu alimtazama kwanza midomo iliyovimba, akashangaa. Kisha akaanza. "Ya... chini..." Pumzi. Mwinjuma alihisi maneno matatu tayari yanamkimbilia ulimini kumsaidia, akayauma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kung'oa gego. "Ya chini... yangu..." Pumzi nyingine. Nesi alipita na kurudi. Nikodemu aliweka kidole juu ya kingine, akakitanguliza kile cha chini mbele. "Mbele. Tangu... utoto. Kama... baba."

Mwinjuma alikaa akiutazama ule mkono. Kwa hiyo meno ya chini ya mwalimu yalitangulia yale ya juu tangu kuzaliwa, kama ya baba yake, na ndivyo alivyotafunia maisha yake yote. Yale ya juu yalilika kwa mbele kwa sababu hapo ndipo yalipokutana na ya chini kila siku. Hakukuwa na miwa. Mwinjuma alikuwa amemtengenezea mtu mdomo wa kwenye kitabu, na kesho yake angemfunga nao kwa waya, mfupa ungeshika vibaya, na mwalimu angetafuna kwa shida mpaka kaburini akidhani ndivyo taya lililovunjika linavyokuwa.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. Nikodemu alifumba macho na kuyafumbua, akampigapiga mkono. Mwinjuma alilia kidogo hapo hapo, na wala hakujificha.

Alimweleza Dokta Demetria na Loveness mbele ya wote. Ule mfano wa plasta aliutupa mwenyewe kwenye ndoo. Kisha akaenda ukutani, akasimama, akatazama mikono mizito ya Loveness ikifanya kazi yake polepole, ikiyarudisha meno ya chini mbele pale yalipozaliwa, huku Dokta Demetria akiongoza kwa sauti ambayo wote walinyamaza ili waisikie. Mikono ya Mwinjuma iliwasha muda wote. Alikuwa anaumia na hakujidanganya kwamba haumii.

Walipotoka, watu wakiwa wanarudi kutoka swala ya Ijumaa, alimpigia Tunu simu.

"Jumapili ulitaka kuniambia nini?"

Mwinjuma alisikia redio ya jirani, akasikia mtu anakuna nazi. Alingoja. Zamani angekuwa ameshajijibu mara nne.

"Kwamba mie na Talha tulishaongea," alisema Tunu hatimaye. "Alikubali mwenyewe nimalize chuo, na mama yake kakubali. Aliyebaki Mzee Shomari, na Talha akasema mzee akiwekewa sharti barazani mbele za watu anakaza, bora amwambie yeye, nyumbani, taratibu. Nilikuja kukuomba usiseme kitu. Jana nilivyokuona na zile waya nikashukuru Mungu. Na nilitaka ujue nampenda. Hilo nilitaka ulisikie wewe, kaka, kabla ya watu wote."

Mwinjuma aliegemea ukuta wa korido. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalimhusu yeye. Akayaacha.

"Unataka nifanye nini?"

"Twende kwake leo, na mama. Kesho asubuhi anapanda boti. Nitasema mwenyewe."

"Tutakwenda," alisema Mwinjuma.

Mzee Shomari alikaa nyuma ya kiwanda cha magodoro, Mikocheni, nyumba ya zamani iliyozungukwa na kuta mpya za watu. Aliwapokea kwa sababu Bi Zubeda alikuwa mbele, na mama mtu mzima hafukuzwi mlangoni. Hakuwauliza habari ndefu.

"Shikamoo, mzee. Niwie radhi," alisema Mwinjuma, akiwa amepiga magoti. "Jana nilisema nisilotumwa."

"Na leo umetumwa nini?"

"Leo sijatumwa, mzee. Nimemsindikiza."

Mzee alipandisha nyusi. Tunu alijifunga mtandio vizuri, akasema. Alisema kwa sauti ndogo, macho chini, lakini neno baada ya neno, wala hakuharakishwa: kwamba posa ameipenda, kwamba Talha amempenda, kwamba anaomba, haamuru, apewe nafasi amalize alichoanza ndipo aje kuwa mke wa nyumba hii. Aliposita katikati, Bi Zubeda alimtupia mwanawe jicho la uokozi kama alivyozoea. Mwinjuma alitazama mkeka mpaka Tunu akaendelea.

Mzee Shomari alikohoa, akaagiza maji, yakaja, akanywa.

"Na hicho chuo," akasema, "kimebakiza nini na nini mpaka kiishe?"

Alimuuliza Mwinjuma, maana mambo ya namna hiyo huulizwa mwanamume. Mwinjuma aliyajua yote: muhula uliobaki, mazoezi ya wodini, mtihani wa taifa, mwezi wa matokeo. Yalikuwa yamejipanga ulimini. Akageuka akamtazama Tunu, na akangoja.